Nukta ya Dhahabu Kwenye Trei ya Arobaini na Moja

Kwa miaka ishirini na minne kazi yangu ilikuwa kupiga picha mawe. Nasema hivi mwanzoni kabisa ili anayetafuta maisha ya kusisimua aishie hapa bila kinyongo. Mawe ni wateja wazuri. Hayapepesi macho, hayaji na watoto wanaolia, na hayajawahi kulalamika kwamba nimeyanenepesha.

Vijana mnaobaki kwenye banda la sampuli mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Nimestaafu kwa hiari, niko nyumbani Kambarage, Shinyanga, na mke wangu, Mama Elia, ameshagundua kwamba hiari hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Ameniomba nitafute shughuli. Hii ndiyo shughuli.

Niliingia ukanda wa dhahabu wa Geita nikiwa na shahada ya fizikia na viatu visivyofaa. Chuoni nilikuwa nimesoma mwanga: unavyopinda, unavyotawanyika, unavyogonga kitu na kung'oa elektroni. Niliamini mgodi umeniajiri kwa ajili ya hayo. Siku ya kwanza nikakabidhiwa ndoo, brashi na kamera ya filamu, nikapelekwa kwenye banda la mabati lililojaa trei za mawe. Ninyi mnajua, lakini niseme kwa ajili ya wengine: wachorongaji hutoboa ardhi kwa bomba lenye meno ya almasi, wakatoa mwamba wa duara na mrefu, kama mche wa sabuni. Vipande hupangwa kwenye trei kwa kufuata kina vilikotoka. Huloweshwa ili rangi zionekane, hupigwa picha, kisha hukatwa katikati kwa msumeno. Nusu huenda maabara, nusu hubaki. Fizikia yangu yote ilihitajika hapo kati, baada ya ndoo na kabla ya msumeno.

Aliyenifundisha kupiga picha alikuwa Bi. Zuhura, mwenye studio ya picha za pasipoti pale Nyasubi, Kahama, ambaye alikuwa akitusafishia filamu. Picha zangu za wiki ya kwanza zilitoka na mng'ao mweupe juu ya kila jiwe. Alizitandaza kaunta, akazitazama moja moja, akavua miwani.

"Wewe ni msomi?"

"Ndiyo, Bi. Zuhura. Fizikia."

"Ndiyo maana. Umelimwagia jiwe maji, halafu ukalipiga fleshi ya uso. Mimi hata mtu aliyejipaka mafuta simpigi hivyo."

Akanifundisha kuleta mwanga kutoka ubavuni, kuacha fleshi, na kuweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu ili iweze kukaa jicho wazi muda mrefu bila kutikisika. Alinifundisha kwa mchana mmoja, huku akihudumia wateja. Tangu hapo kila niliposifiwa kwa utaalamu wa mwanga niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na sikumtaja.

Mtu mwingine mnayepaswa kumjua ni Masunga, au Baba Milembe, mkata mawe, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa akisimama kwenye msumeno akiwa na aproni ya plastiki iliyomfika miguuni, uso umejaa tope jembamba la kijivu, akikata mwamba katikati bila kupepesuka hata unene wa kucha. Aliwahi kwenda mwenyewe ofisini kuripoti kwamba amevunja trei, siku ambayo hakuna aliyemwona akiivunja na hakuna aliyeiulizia. Mimi aliniita Profesa tangu aliponikuta nikipambana na bomba la maji ambalo lilikuwa limeshafunguka.

Kisha zikaja kamera za kidijitali. Ya kwanza kuletwa kwetu ilikuwa nzito kama betri ya pikipiki na ilipiga picha zenye chenga kama televisheni wakati wa mvua. Nilikuwa peke yangu niliyeifurahia, kwa sababu ndani yake, badala ya filamu, kulikuwa na kihisi: kipande cha silikoni kama stempu ya barua, na humo hatimaye kulikuwa na ile fizikia yangu. Nilimweleza kila aliyesimama karibu. Kwa kuwa Shinyanga kwetu ni nchi ya pamba, nilieleza kwa pamba. Kihisi, nilisema, ni shamba lenye mamilioni ya wavunaji waliopangwa kwa mistari, kila mmoja na gunia lake. Mwanga ndio pamba. Jicho la kamera likifunguka wanavuna, likifunga magunia yanapimwa, na uzito wa kila gunia unakuwa nukta moja ya picha. Hiyo ndiyo pikseli.

Kamera za mwanzo zilikuwa na wavunaji wavivu. Waya za kupeleka hesabu zilipita juu ya vichwa vyao, mwanga mwingi ukaishia kwenye waya. Baadaye mafundi wa huko ng'ambo wakakigeuza kihisi mgongo juu, waya zikabaki chini, na mwanga ukashuka moja kwa moja hadi kwenye gunia. Inaonekana jambo dogo. Mimi niliiona tofauti yake siku mgodi uliponunua kamera ya aina hiyo, nikaiomba kwa mwisho wa wiki, nikaja nayo Kambarage na kuielekeza juu.

Toka Juni hadi Septemba anga letu halina hata wingu la kusingizia. Kwa kamera ya zamani Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, ilikuwa inatoka kama unga uliomwagika kwenye zulia chafu. Kwa hii mpya niliona vumbi jeusi katikati ya nyota, mawingu mekundu ambayo jicho halioni, na Kilimia, ambamo babu zetu walihesabu nyota sita, ikawa na nyota nisizoweza kuhesabu. Nikawa mgonjwa wa nyota. Ruhusa ya kuichukua kamera kila mwisho wa wiki niliiandika mimi mwenyewe, ikasainiwa na bosi ambaye hakuwa na desturi ya kusoma.

Nyota hutembea. Kamera ikiwa imesimama na ukapiga picha nyingi mfululizo, kila nyota husogea kidogo toka picha moja hadi nyingine, kwa kuwa dunia inazunguka. Kwenye picha zangu zote kulikuwa na nyota moja ndogo ya rangi ya dhahabu, juu kulia, ambayo haikusogea. Mtu aliyesoma fizikia miaka mitatu angejiuliza maswali. Mimi nikaipa jina la mke wangu.

"Kwa nini yangu haitembei kama wenzake?" Mama Elia akauliza.

"Ni tabia yake. Imetulia."

"Au imekufa?"

Nilimwambia nyota hazifi hivyo.

Sasa nije kwenye mwezi ule wa Septemba. Jenereta la banda liliharibika na taa zangu za ubavuni zikazimika; msumeno wa Masunga ulikuwa na injini yake. Mtu mwenye busara angesubiri fundi. Mimi nilikuwa mpiga picha wa nyota, na giza halikunitisha. Nikafunga milango ili mistari ya jua isipite juu ya trei, nikabana tundu la lenzi ili kila chembe ionekane sawasawa, na kuiacha kamera jicho wazi sekunde thelathini kwa kila trei. Chini ya bati, saa nane mchana, joto la mle ndani lingeweza kupikia uji.

Kamera ile ilikuwa na utaratibu wake wa uaminifu. Kila baada ya picha ndefu, ilifunga jicho na kupiga ya pili, gizani, kwa muda uleule. Sababu ni kwamba kihisi kikipata joto, baadhi ya pikseli hupata homa. Huwa kama yule mkulima anayetia mchanga kwenye pamba: hakuvuna kitu, lakini gunia lake ni zito. Picha ya giza huwaumbua, kwa sababu gizani hakuna pamba, na gunia lolote lenye uzito lina mchanga. Kamera hutoa mchanga huo kwenye hesabu, na picha inabaki safi. Kasoro yake ni kwamba kila trei huchukua muda mara mbili, na Masunga alikuwa anasubiri mawe.

"Profesa, tangu uanze hiyo nimekata trei tatu. Kamera yako inaswali?"

"Inakusanya mwanga, Baba Milembe."

"Mwanga umejaa hapo nje. Si ungechota na ndoo?"

Wenzake wakacheka. Nikaingia kwenye mipangilio ya kamera, nikazima ule utaratibu wa picha ya giza, kama nilivyozoea kuuzima nikipiga nyota, na mchana ule tukamaliza trei zote.

Ijumaa asubuhi Bwana Temu, mjiolojia mkuu, mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti isipokuwa kwa kompyuta yake, aliniita mezani kwake. Kwenye skrini ilikuwa trei ya arobaini na moja. Katikati ya mshipa wa jiwe jeupe kulikuwa na nukta ya dhahabu inayong'aa.

"Umeona ulichopiga?"

Dhahabu ya kuonekana kwa macho, kwenye shimo ambalo kila mtu alishalikatia tamaa. Kwa muda wa saa nzima nilikuwa shujaa. Kisha tukashuka bandani na kukuta trei imeshakatwa. Bwana Temu akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akapitia nusu zote mbili, mara ya kwanza, mara ya pili. Mkuu wa ulinzi akaletwa. Jiwe jeupe lilikuwapo, na dhahabu haikuwapo.

"Dhahabu haiyeyuki kwa maji ya msumeno," mkuu wa ulinzi alisema. Toka nilipopiga picha hadi tulipofika, mikono iliyoligusa jiwe lile ilikuwa ya mtu mmoja.

"Sikuiona," Masunga akasema.

"Picha imeiona."

Bwana Temu akanigeukia. Aliuliza kwa haki kabisa, na ningeweza kujibu chochote. "Picha yako inaweza kukosea?"

Nilisimama wima. Nakumbuka nilisimama wima. "Kamera hii," nikasema, "haina tabia ya kubuni."

Masunga akavuliwa kitambulisho cha getini palepale, aproni ikiwa bado inachuruzika. Wiki iliyofuata angeitwa mbele ya kamati, na akipatikana na hatia jina lake lingezungushwa kwenye migodi yote ya ukanda huu. Hakuna ambaye angempa tena msumeno, wala ufagio.

Jumapili, baada ya ibada, nilikaa sebuleni nikisafisha picha za nyota. Nyota ya Mama Elia ilikuwa pale juu kulia. Sijui ni nini kilichonifanya nifungue picha ya trei ya arobaini na moja na kuiweka juu yake. Nukta ya dhahabu ilikaa juu ya nyota barabara, pikseli kwa pikseli. Nikafungua trei ya thelathini na nane: nukta ilikuwapo, imekaa juu ya ubao wa trei, haikumshtua mtu. Thelathini na tisa, juu ya kibandiko. Arobaini, kwenye jiwe jeusi lenye vimeto vingi vya kwake. Zilikuwa pikseli mbili jirani zenye homa, moja ya kupokea wekundu, moja ya kupokea kijani, na mwanga mwekundu ukichanganyika na wa kijani hutoa njano. Nilikuwa nimempa mke wangu hitilafu, na Masunga nimempa kesi.

Nikimweleza mtu hadithi hii kwa mdomo, hapa huwa nasema "basi nikaenda kwa Bwana Temu". Sikwenda. Jumatatu nilijiambia kwamba mwanasayansi hatoi tangazo bila ushahidi, nikafanya majaribio kumi na saba, wakati la kwanza lilitosha. Jumanne nikachora grafu. Jumatano walikuja wageni kutoka makao makuu, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwaeleza kuhusu ubora wa picha zetu. Niliwaeleza. Wakapiga makofi.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Masunga nje ya geti. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Profesa, nina ombi. Ile picha, unaweza kuikuza nikaiona?"

"Kwa nini, Baba Milembe?"

"Nataka kujua ilikuwa wapi. Nimekaa nikafikiri. Huenda ilikuwapo na macho yangu yamechoka, maji yakaondoka nayo. Kama ni hivyo, basi nilikosa kazi, sikuiba, lakini nilikosa." Akatazama geti. "Na jana jioni washenga wamepiga simu kutoka Ushirombo. Habari zimefika huko kwa watu wa mnada. Wamesema shughuli ya Milembe isimame kwanza."

Milembe ni binti yake wa kwanza. Nilimwambia anisubiri pale. Nikaingia ofisini kwa Bwana Temu bila kubisha hodi, nikafunika lenzi kwa kifuniko chake, nikapiga picha ya giza sekunde thelathini na kuiweka kwenye skrini yake. Picha ilikuwa nyeusi yote, na nukta moja ya dhahabu. Nikampa na grafu. Mchana ule Masunga alirudishiwa kitambulisho, akapewa barua ya kuombwa radhi yenye mhuri. Wote walidhani nimegundua usiku wa kuamkia siku ile, na mimi sikuwasahihisha.

Barua haikufaa kitu Ushirombo. Bibi wa bwana harusi, ambaye katika ukoo ule ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, alisema kwenye simu kwamba mgodi uliosema ni mwizi ndio huohuo unaosema si mwizi, na yeye hawezi kujua ni siku ipi ulikuwa umelewa. "Mleteni mwenye kamera," akasema.

Jumamosi nikaenda na Masunga. Tulikaribishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukakaa uani, ukoo mzima umetuzunguka kwenye viti na mikeka. Nikatoa shikamoo kwa bibi, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye begi langu. Nikaeleza kuhusu wavunaji na magunia, na mkulima anayetia mchanga kwenye pamba. Wanaume wawili wakatazamana, nadhani kwa sababu zao. Kisha nikaiweka kamera kwenye jua ipate joto, nikafunika lenzi, nikabonyeza. Sekunde thelathini ni ndefu sana watu ishirini wakikutazama.

Bibi akaishika kamera kwa mikono miwili. "Hii nukta iko wapi?"

"Haipo, bibi. Iko ndani ya kamera."

"Piga mbuzi."

Nikampiga mbuzi, lenzi ikiwa imefunikwa. Nukta ikatoka.

"Piga paa la nyumba." Ikatoka. "Kwa hiyo hata choo ukikipiga itakuwamo."

"Itakuwamo."

"Basi choo chetu kina dhahabu," akasema, na ua mzima ukacheka, Masunga akiwa wa kwanza. Bwana harusi mtarajiwa, kijana mwembamba aliyekuwa amejificha nyuma ya shangazi zake, akacheka hadi akafuta macho. Nikaona mambo yamekwisha. Nikaanza kufunga begi.

"Ngoja," bibi akasema. "Wewe ndiye uliyeugundua huu ugonjwa wa kamera?"

"Ndiyo, bibi."

"Uliugundua siku gani?"

Ningeweza kusema Jumatano. Mdomo wangu ulishazoea. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyokuwa anaitazama ile nukta. "Jumapili."

"Ukasema lini?"

"Alhamisi."

Kicheko kikaisha. Sikumtazama Masunga, lakini nilimsikia akiacha kutafuna. Alikuwa na hesabu nzuri, hesabu ya mtu wa kupima jiwe kwa jicho, na hesabu hii haikuwa ngumu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Washenga walipiga simu Jumatano jioni.

"Siku zote hizo ulikuwa wapi?" bibi akauliza.

Nikaifunga zipu ya begi, nikaifungua tena.

"Alikuwa na mafua, bibi," Masunga akasema. Aliongea taratibu, akiokota karanga moja kutoka kwenye sahani. "Mafua makali. Hata kazini hakuja. Alhamisi alipoweza kusimama tu, akaja."

Bibi alimtazama Masunga kwa muda. Kisha akanigeukia. "Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa," nikasema.

Milembe aliolewa baada ya mavuno. Njiani kurudi Masunga alinieleza kuhusu msumeno mpya ulioagizwa, akaendelea kuniita Profesa hadi alipoondoka kazini, na siku zile nne hakuzitaja tena. Kamera mlizo nazo sasa zina vihisi bora zaidi, nyingine zinapozwa zenyewe, na homa za pikseli zimepungua sana. Hata hivyo funikeni lenzi kila asubuhi, pigeni picha moja ya giza, muitazame kabla ya jiwe la kwanza. Mkiona nukta, semeni siku hiyohiyo.

Masunga yupo, ana wajukuu watatu, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi ule ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Ameubeba vya kutosha. Sikuwa na mafua.